Shichi si saa saba

Wiki iliyopita binamu yangu wa Tanga alituma sauti kwenye kundi letu la ukoo, anahesabu Kijapani: ichi, ni, san, shi, go, mpaka juu, yaani kumi. Akamalizia kwa kicheko, "Kaka, lugha yenyewe mbona mteremko? Namba nimezimaliza siku mbili, bado viza tu." Wajomba wakampigia makofi. Basi nimjibu yeye, pamoja na ninyi mnaoniuliza kila mwezi kama Kijapani ni kigumu.

Binamu, hizo kumi ndizo zitakazokuponza.

Mimi nilitua Nagoya, huku Japani, nikiwa nimezikariri vilevile. Wiki ya kwanza kiwandani, tunafungasha vyakula, msimamizi akaniambia, "Ashita, shichi-ji." Ashita ni kesho, shichi ni saba, ji ni saa. Nikafurahi kumwelewa bila mkalimani. Kesho yake nikalala hadi jua likapanda, nikapika wali wangu, saa sita na nusu mchana nikaingia kazini nimechomekea, nikijiona nimewahi. Msimamizi akatazama saa ya ukutani, akanitazama mimi, akarudi kwenye makaratasi yake. Afadhali angefoka. Wenzetu hawaanzi kuhesabu jua linapochomoza kama sisi; shichi-ji ni saa moja yetu ya asubuhi. Siku ile sikulipwa hata senti.

Mtego wenyewe una ncha mbili. Ichi-ji, ambayo sikio la Mswahili linang'ang'ania iwe saa moja, ndiyo saa saba. Halafu ichi na shichi, mashine zikinguruma, ni mtu na pacha wake. Wajapani wenyewe wanalijua hilo, ndiyo maana wakiongea kwa simu, namba saba huwa wanaiita nana. Shi nayo inasikika sawasawa na neno la kifo, kwa hiyo mara nyingi nne utaisikia yon. Ila saa kumi ni yo-ji, si yon-ji. Tarehe 4 ni yokka, tarehe 8 ni youka. Haya, mtu akupangie miadi kwa simu!

Kwenye kuhesabu vitu, hapo Mswahili ana ahueni ambayo hakuna mwalimu aliyenidokezea. Sisi tunasema watu watatu, viti vitatu, miti mitatu, na hatuoni kazi. Huku nako namba hufuata kitu. Chupa, kalamu, mwavuli, vyote virefu, huhesabiwa kwa neno hon, nalo linageuka mdomoni: ippon, nihon, sanbon, yaani kimoja, viwili, vitatu. Karatasi, sahani na mashati ni mai. Mtu mmoja ni hitori, wawili futari, watatu sannin. Sungura huhesabiwa kwa neno la ndege, usiniulize kwa nini. Darasani wenzangu walishika vichwa. Mimi nikasema moyoni, kumbe ngeli tu hizi. Ukikwama kabisa dukani, nyoosha kidole, sema hitotsu, futatsu au mittsu, yaani kimoja, viwili au vitatu. Utapewa chako.

Pesa ndiyo inanitoa jasho mpaka leo. Sisi baada ya elfu tunasema elfu kumi. Wao elfu kumi ina jina lake, man, na kila kitu kinapimwa kwa hiyo. Laki ni juuman, kumi za man. Milioni ni hyakuman, mia za man. Nikiona bei ya gari bovu imeandikwa 350,000, nahesabu sifuri nne kwa kidole kutoka kulia, nafunika, nasoma kilichobaki: 35. Sanjuugoman. Muuzaji ananisubiri, ananitazama kidole.

Kwa hiyo binamu, tuma sauti nyingine. Ya kuhesabu mpaka kumi usirudie. Niambie saa mbili kasorobo usiku kwa Kijapani, bila kutua.