Umeitwa kuhojiwa redioni? Majibu ya maswali yenu

Maswali ya mahojiano yamekuja mengi wiki hii, nimechukua haya manne.

*Kaka, kesho naenda redio kuongelea kikundi chetu cha vikoba, nimepewa dakika kumi. Nianzie wapi?*

Dada yangu, punguza kwanza. Anayekusikiliza yuko jikoni anakaanga au yuko kwenye daladala konda anagonga bodi, hawezi kubeba mambo nane, kwaiyo chagua moja, mawili yakizidi sana. Usianze na historia ya kikundi na kumshukuru mwenyekiti na wote waliofanikisha, dakika mbili zitakwisha hujasema kitu. Anza hivi: "Kwetu mwanachama anakopa laki mbili bila kuweka rehani nyumba, na tunapokea wapya." Halafu mfano wa mama mmoja aliyekopa akafungua genge (muombe ruhusa kwanza jamani, mambo ya hela ya mtu hayo). Mtangazaji akikupeleka kwingine mjibu kwa kifupi alafu rudi palepale kwenye laki mbili. Na leo hii mpigie mtayarishaji muulize ni laivu au mnarekodi, wageni mko wangapi, wasikilizaji watapiga simu? Watu hawaulizi, wanafika studio wanakuta anayewapinga kashakaa kwenye kiti.

*Kazini kumetokea ajali, waandishi wako getini, bosi anasema tukae kimya. Ni sawa?*

Si sawa hata kidogo. Mkinyamaza wataongea na mlinzi na majirani na hayo ndo yatakayotoka. Toeni mtu mmoja aseme mnachokijua: wameumia wangapi, wamepelekwa hospitali gani, mtaongea tena saa ngapi. Chanzo msibahatishe, na jina la marehemu halitajwi kabla ndugu zake hawajaambiwa, hili naomba mlishike kweli kweli. Na anayeongea aanze na walioumia, sio na kampuni. Mwaka 2010 mtambo wa mafuta wa Deepwater Horizon ulilipuka Ghuba ya Mexico wakafa wafanyakazi 11, bosi wa BP (kampuni ya mafuta yenye kisima hicho), Tony Hayward, akaja kuwaambia waandishi kwamba anatamani arudishiwe maisha yake. Aliomba radhi kwenye maongezi hayohayo lakini nani anaikumbuka? Familia 11 zimefiwa, we unaongelea kuchoka kwako. Ndani ya mwaka huohuo akaachia ukurugenzi.

*Naweza kumwambia mwandishi "hii usiandike"?*

Unaweza, ila mkubaliane KABLA hujasema, ukishasema imetoka hiyo. Na mkimaliza usianze kupiga stori wakati maiki bado iko kifuani, hesabu kwamba inarekodi mpaka fundi aivue.

*Gazeti limeandika nimesema kitu ambacho sikusema. Nifanyeje?*

Pole sana. Usikimbilie kumtukana mwandishi mtandaoni, mpigie mhariri, mtajie sentensi yenyewe iliyokosewa na ulichosema wewe, omba wasahihishe, alafu yaandike hayohayo umtumie ili ubaki na kumbukumbu. Wakigoma, kwa Tanzania kuna Baraza la Habari (MCT), linapokea malalamiko na kusuluhisha, Kenya wana Baraza lao pia, na kulalamika huitaji kuwa mtu mkubwa. Siku nyingine rekodi na wewe kwa simu yako ukimwambia mwandishi wazi, na kabla hajaondoka muombe akusomee majina na tarakimu alizoandika. Habari nzima wengi hawakupi usome, lakini tarakimu wengi watakusomea bila shida maana na wao hawataki kukosea.