Maswali na Majibu: Mkaguzi Akibisha Hodi Klinikini

Barua za mwezi huu zimetoka kwa wenye kliniki za mitaani, wauguzi na wagonjwa wa hapa Nairobi, na karibu zote zinauliza juu ya ukaguzi na ubora. Tumechagua tano. Mbili tumezijibu kwa urefu, kwa sababu kosa katika mambo hayo humfikia mgonjwa moja kwa moja.

SWALI: Wakaguzi wamekuja kwenye kliniki yangu wakaijaza fomu yao ndefu, na alama ikatoka asilimia 52. Wamesema watarudi. Je, nimeanguka? Nafikiria kuchukua mkopo ninunue mashine ya ultrasaundi ili alama ipande. – Mwenye kliniki, Umoja

JIBU: Hujaanguka, ila una kazi. Orodha ya pamoja ya ukaguzi iliyotangazwa katika gazeti rasmi la serikali mwaka 2016 ina madaraja matano. Kituo chenye asilimia 10 kwenda chini hufungwa. Cha 11 hadi 40 hukaguliwa tena baada ya miezi 3, cha 41 hadi 60 baada ya miezi 6, cha 61 hadi 75 baada ya mwaka mmoja, na kilichozidi hapo hupewa miaka 2. Wewe una miezi 6. Inaitwa ya pamoja kwa kuwa zamani kila baraza na kila bodi ilikuja kivyake na fomu yake: ya madaktari, ya wauguzi, ya maafisa wa kliniki, ya maabara, ya dawa. Mwenye kliniki alikuwa akikaribisha wageni mwaka mzima.

Mkopo uweke kando kwanza. Mashine mpya huja na mzigo wake: chumba, mtaalamu mwenye leseni, rejista, matengenezo. Kila kimoja kitakuwa kitu kingine cha kukaguliwa, na ile asilimia 48 uliyopoteza itabaki palepale.

Chukua nakala ya ripoti uisome mstari kwa mstari, ukitia alama kila penye sifuri. Anza na yanayoweza kumdhuru mgonjwa leo hii, halafu karatasi, halafu ujenzi. Utashangaa ni mangapi hayataki pesa. Leseni za wafanyakazi zimelipiwa lakini zimekaa kwenye droo, au ya mwaka jana ndiyo ingali ukutani. Kisanduku cha sindano kimejaa mpaka mdomoni, ilhali kinapaswa kufungwa kikifika robo tatu. Mifuko ya taka ipo ya rangi zote, nyeusi ya taka za kawaida, ya manjano ya zenye maambukizi na nyekundu ya zile hatari zaidi kama kondo la nyuma, lakini pamba yenye damu imo kwenye ile nyeusi. Mkaguzi hufunua mapipa. Na kampuni inayochukua taka zako inatakiwa iwe na leseni ya NEMA, mamlaka ya taifa ya mazingira. Omba nakala, na kila gari likiondoka baki na hati yenye tarehe na kilo.

Trei ya dharura itazame kwa macho yako mwenyewe. Adrenalini isiwe imepita tarehe, glukosi iwepo, mfuko wa kupumulisha uwe na barakoa ya mtu mzima na ya mtoto, na mtungi wa oksijeni uwe na ufunguo wake umefungwa kwa kamba pale pale kwenye shingo. Oksijeni iliyo na ufunguo uliopotea ni sawa na hakuna. Juu ya kifuniko bandika kipimo cha dawa ya kumpa mtu mzima mwenye mzio mkali: adrenalini miligramu 0.5 kwenye msuli wa paja, upande wa nje. Muuguzi aliye peke yake saa nne usiku hapaswi kukitafuta kwenye simu. Mtu mmoja aikague trei kila wiki na kutia sahihi.

SWALI: Sisi huchemsha vifaa kwenye otoklevu kila siku, lakini mkaguzi ameandika "utakasaji haujathibitishwa". Alikataa pia ndoo yetu ya Jik tunayoloweka vifaa kabla ya kuosha. Kosa liko wapi? – Muuguzi msimamizi, Kayole

JIBU: Dada, kosa si moja, na mkaguzi alikuwa sahihi.

Tuanze na ndoo. Wengi tulifundishwa kuloweka vifaa vilivyotumika katika klorini ya asilimia 0.5 kwa dakika 10 ndipo vioshwe, na chati hiyo bado iko kwenye kuta nyingi. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2016 kuhusu vifaa vya tiba, halipendekezi tena. Damu na usaha huimaliza nguvu klorini, kwa hiyo kifaa hakiwi salama kama unavyodhani. Chuma huliwa, na mashimo madogo yanayobaki huhifadhi uchafu ambao brashi haifikii. Badala yake, funika vifaa kwa kitambaa chenye maji au dawa ya povu ili damu isikauke, vipeleke mapema, kisha uvioshe kwa maji na sabuni ya vifaa ukivisugua chini ya usawa wa maji ili matone yasiruke usoni. Koleo na mikasi vifunguliwe. Vaa glavu nzito za mpira, aproni na miwani. Suuza, kausha, kagua meno na maungio, ndipo ufunge.

Jik ina kazi yake: damu iliyomwagika na sehemu za juu zilizochafuka. Vuta damu kwanza kwa karatasi, mimina klorini ya asilimia 0.5, subiri dakika 10, pangusa. Hesabu ya kuchanganya ni hii: gawa asilimia iliyoandikwa kwenye chupa kwa asilimia unayotaka, kisha toa 1, jibu ndiyo sehemu za maji. Chupa ya asilimia 3.85 inatoa 3.85 ÷ 0.5 = 7.7, toa 1, unabaki na 6.7. Shuka hadi 6: kikombe 1 cha Jik kwa vikombe 6 vya maji. Ukitumia 7, dawa inakuwa hafifu kidogo. Tengeneza mpya kila asubuhi, andika tarehe na saa kwenye chombo, kifunike kisipigwe na mwanga, na usichanganye kamwe na asidi ya kusafishia choo, kwani hewa inayotoka huunguza mapafu.

Sasa otoklevu, ule mtambo wa kutakasa vifaa kwa mvuke wenye presha. Vifaa vilivyofungwa vinahitaji nyuzi 121 za Selsiasi kwa dakika 30, zikihesabiwa tangu joto lilipofika 121 na si tangu ulipowasha mtambo. Hapa Nairobi kuna jambo ambalo vitabu vya mitambo mara nyingi havilisemi. Tuko mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari, na ndiyo maana maji huchemka kwetu kwenye nyuzi 94 au 95 badala ya 100. Geji ya presha ya otoklevu ya aina ya sufuria ya presha hupima kiasi kilichozidi hewa ya nje, na hewa yetu ni nyepesi. Presha ya pauni 15, ambayo pwani hutoa nyuzi 121, hapa hutoa kama 118. Ili kufikia 121 unahitaji takriban pauni 18. Kwa hiyo fuata kipimajoto, usifuate geji. Ikiwa mtambo wako una geji peke yake, mwite fundi wa vifaa vya tiba aupime na akuambie kama chombo kinahimili presha hiyo; usikaze valvu mwenyewe. Mitambo ya umeme inayojiongoza kwa kihisi cha joto haina shida hii.

Hewa iliyobaki ndani ni adui mwingine. Acha mvuke utoke mfululizo kwa dakika chache kabla ya kufunga valvu, na usisheheneze vifurushi. Mkono upite kati yao. Vifurushi vikitoka vimelowa, vihesabu kuwa havijatakaswa, maana kitambaa chenye maji huvuta vijidudu kutoka mezani hadi ndani. Kwa kawaida chanzo ni mlango kufunguliwa mapema au mzigo kubanana.

Lile neno "haujathibitishwa" linahusu ushahidi. Utepe wa nje unaobadilika rangi huonyesha tu kwamba kifurushi kimepita kwenye joto. Weka kiashiria cha kemikali ndani ya kifurushi, katikati ya mzigo, na kila wiki fanya kipimo cha mbegu za bakteria wa Geobacillus stearothermophilus. Zikiota baada ya kupita otoklevuni, mtambo haufanyi kazi na vifaa vya wiki hiyo virudishwe. Rejista iwe na tarehe, namba ya mzigo, vilivyomo, saa joto lilipofika, joto lenyewe, saa ya kuzima, kiashiria kilichobandikwa, na sahihi. Kila kifurushi kibebe namba ya mzigo wake, ili siku kasoro ikionekana ujue ni vipi vya kurudisha.

SWALI: Umeme ulipotea tangu Jumamosi jioni hadi Jumapili. Jumatatu tulikuta jokofu la chanjo liko nyuzi 13. Tuzitupe chanjo? – Muuguzi, Kasarani

JIBU: Msizitupe na msizitumie. Zihamishieni kwenye kisanduku baridi chenye nyuzi 2 hadi 8, muandike "USITUMIE", na mpige simu kwa msimamizi wa chanjo wa kaunti ndogo mkiwa na majina ya chanjo, namba za bechi, joto lililoonekana na muda unaokadiriwa. Someni pia kibandiko cha chupa kinachobadilika rangi kwa joto: mraba wa ndani ukiwa mweupe kuliko duara chanjo bado ina uhai, ukilingana nalo au ukiwa mweusi zaidi, imekwisha.

Watu huogopa joto wakasahau baridi. Pentavalenti, nimonia, polio ya sindano, pepopunda, homa ya ini B na HPV huharibika zikiganda, na kibandiko hakionyeshi hilo. Kwa hiyo zisigusane na barafu wala ukuta wa nyuma wa jokofu, na mlangoni pasiwekwe chanjo yoyote. Maziwa na soda za wafanyakazi zitafutiwe jokofu lingine. Joto lisomwe asubuhi na jioni, siku 7 za wiki, hata kliniki ikiwa imefungwa. Hilo pengo la Jumapili ndilo lililowaponza. Kipimajoto kinachojirekodi chenyewe kitawaonyesha saa kamili umeme ulipokatika.

SWALI: Dada yangu yuko Leicester, na anasema huko daraja la kliniki hubandikwa mlangoni. Sisi tutajuaje kliniki ni nzuri? Na hivi ukaguzi wa hapa unasaidia chochote? – Mama wa watoto watatu, Kawangware

JIBU: Ni kweli, mama. Huko Uingereza tume iitwayo Care Quality Commission huuliza mambo matano: kama huduma ni salama, inaponya, ina utu, inaitikia mahitaji, na kama uongozi ni imara. Daraja linalotolewa ni mojawapo ya manne, na kliniki inalazimika kulionyesha.

Kwetu, anzia ukutani mapokezi: leseni ya kituo ya KMPDC (baraza la madaktari na madaktari wa meno), ya mwaka huu, yenye jina lilelile lililo kwenye bango la nje. Orodha ya vituo vyenye leseni inapatikana pia kwenye tovuti ya baraza hilo. Halafu tazama mikono. Je, anayekuhudumia ameiosha au kuipaka spiriti kabla ya kukugusa? Sindano imefunguliwa mbele yako? Dawa ina jina, kipimo na namna ya kunywa, au imo tu kwenye kikaratasi? Una haki ya kuuliza yote haya, na anayeifahamu kazi yake hatakasirika.

Na ukaguzi unasaidia. Serikali na Benki ya Dunia walijaribu mfumo huu Kakamega, Kilifi na Meru kwa kulinganisha maeneo yaliyokaguliwa mara kwa mara na yasiyokaguliwa hivyo. Usalama wa wagonjwa ulipanda, na gharama wanayotoa mfukoni haikuongezeka. Ukiwa na malalamiko, anza na msimamizi wa kituo, kwa maandishi. Asipojibu, peleka KMPDC pamoja na tarehe na nakala ya risiti.

SWALI: Tumepita ukaguzi vizuri. Kamati yetu ya ubora ilikutana mara moja, ikaandika malengo 14, basi ikafa. Tuifufueje? – Meneja wa kituo, Pipeline

JIBU: Malengo 14 ndiyo yaliyoiua. Chagueni moja. Watu watatu hadi watano wanatosha, na mmoja wao awe wa mapokezi, kwa sababu ndiye anayeona foleni. Mkutane nusu saa kila wiki mbili, siku ileile.

Tuseme mmechagua wagonjwa wa presha. Toeni mafaili 20 ya waliokuja mwezi uliopita, mkichukua kila la tano ili msichague mazuri. Hesabuni mangapi yana presha iliyopimwa na kuandikwa siku hiyo, na kati ya hayo ni mangapi yako chini ya 140/90. Ikiwa presha imeandikwa katika mafaili 11 tu, hapo ndipo pa kuanzia, msiruke kwenye dawa. Ulizeni kwa nini. Pengine mashine iko chumba cha daktari na foleni inaanzia kwa muuguzi. Pengine kuna mkanda wa saizi moja tu, na mkanda mdogo kwenye mkono mnene hupandisha kipimo kwa uongo. Jaribuni badiliko moja kwa wiki moja, mathalani mashine ihamie mapokezi na mgonjwa akae ametulia dakika 5 kabla ya kupimwa. Kisha hesabuni tena mafaili 20. Likifaa, liandikeni liwe utaratibu. Lisipofaa, liacheni mjaribu lingine. Chora nukta kila wiki kwenye karatasi ya ukutani, mahali wafanyakazi wanapokunywa chai.

Kipimo kingine kizuri kwa kliniki ya mtaani ni wagonjwa wa mafua na kikohozi cha kawaida waliopewa antibayotiki bila sababu kuandikwa. Kinaumiza kukitazama, lakini ndicho kinachookoa dawa zetu.

Mkitaka ngazi za kupanda baada ya hapo, Wizara ya Afya ina mfumo wa ubora uitwao KQMH, na mpango wa ubora uitwao SafeCare hutoa vyeti vya ngazi 5 ambavyo kliniki ndogo inaweza kuvianza kutoka chini kabisa. Mpeni mfanyakazi mmoja kazi hiyo kwa jina, na mmtengee saa mbili kwa wiki asizopangiwa wagonjwa. Akipewa juu ya zamu yake yote, hatafika mwezi wa pili.