Re: Kwa nini wapime kome badala ya maji yenyewe?

Mkuu umeuliza kwa nini mafuta yakimwagika baharini wataalamu wanakimbilia kupima kome na chaza wakati maji yapo. Iko hivi, maji ukiyachota leo, ya jana mkondo umeshayabeba, lakini kome kang'ang'ania mwambani hatoki, kila maji yakijaa anachuja tu na zile sumu za mafuta zinaitwa PAH zinajikusanya kwenye nyama yake. Samaki anazivunja haraka mwilini, kome uwezo huo ni mdogo sana, kwahiyo ukimpima unaona na yaliyopita hapo siku za nyuma.

Marekani wana mradi wa Mussel Watch, wa kupima kome na chaza wa pwani, tangu 1986 na uzuri wake ndo huu, wanakuwa na vipimo vya kabla ya ajali, bila hivyo utajuaje ajali imeongeza nini? Kule Alaska meli ya Exxon Valdez ilimwaga mafuta 1989, na miaka kadhaa baadae bado yalikutwa yamenasa kwenye mchanga chini ya kome, inauma sana.

Ila angalia msimu, kome wakishataga, shahamu ya mwilini mwao ambayo ndo inabeba hizo PAH inapungua na vipimo vinashuka, utadhani bahari imepona kumbe bado.