Kutoka stendapu hadi tamthilia ukiwa Mombasa: kinachowaangusha wengi na namna ya kujiandaa

Umeuliza mambo mawili: kama mchekeshaji wa jukwaani anaweza kuingia kwenye tamthilia bila kuhamia Nairobi, na kwa nini wengi wanaojaribu huonekana wazito mbele ya kamera ilhali ukumbini wanavunja watu mbavu. La kwanza, ndiyo, inawezekana. La pili linataka maelezo.

Mchekeshaji amezoea kuigiza na mwenzake mmoja tu, naye ni ukumbi. Anatupa neno, anasubiri kicheko, anapima kimya, ndipo anaendelea. Kwenye seti kicheko hakuna. Wapiga picha na mtu wa sauti wanajizuia, kwa sababu kikiingia kwenye maiki onyesho litarudiwa. Basi mgeni anasema sentensi yake, anaacha pengo la sekunde mbili kama alivyozoea, na onyesho linalegea. Akihisi halijakolea anapandisha sauti, anatoa macho, anapinda mdomo. Kamera iliyo mita moja na nusu kutoka usoni hayo yote inayaona, na yanakera.

Waelekezi wengi humwambia apunguze. Ushauri huo haufai sana, maana akipunguza anapoa tu. Anachohitaji ni mtu wa kumtazama na kitu anachokitaka kutoka kwa mtu huyo.

Jaribu hivi. Chukua shoo yako ya dakika 10. Bila shaka mna watu unaowaigiza humo: makanga wa matatu za Bamburi, shangazi wa harusini, mlinzi wa geti kule Nyali. Mchague mmoja. Muandikie maneno ya dakika 3 anayomwambia mtu mmoja tu, akitaka jambo moja: aongezewe muda wa kulipa deni, arudishwe kazini, asamehewe na mkewe. Futa kila mzaha uliouweka kwa ajili ya ukumbi. Kisha jirekodi umeketi, kwa sauti ya mazungumzo ya kawaida. Ukitazama na kukuta bado anachekesha, ni kwa sababu shida yake ameichukulia kwa uzito wote. Komedi ya skrini iko hapo: mhusika hajui kwamba anachekesha. Na ukikuta hachekeshi lakini unamhurumia, umepata kitu kikubwa zaidi.

Njia hii imewahi kumfikisha mtu mbali. Mwaka 1984 mchekeshaji Mmarekani Whoopi Goldberg alisimama peke yake Broadway, kwenye kumbi kubwa za michezo za New York, akiwa na wahusika kadhaa, kila mmoja na maisha yake, na kazi hiyo ndiyo iliyomkutanisha na mwelekezi wa filamu Steven Spielberg, akapewa nafasi kuu katika The Color Purple ya 1985, filamu ambayo si ya vichekesho. Mchekeshaji mwenzake Robin Williams naye watu humkumbuka kwa maneno aliyoyabuni papo hapo, wakasahau kwamba mwaka 1973 aliingia Juilliard, chuo cha sanaa cha New York, kusomea uigizaji.

Juilliard hatuna, lakini tuna michezo ya vitabu teule, yaani vile wanafunzi wanavyotahiniwa. Vikundi vinavyozunguka shule za sekondari na tamthilia za mtihani wa KCSE ni shule nzuri kuliko warsha nyingi za wikendi. Malipo ni madogo. Faida yake ni kwamba unarudia mchezo uleule mara nyingi, unacheza na wenzako, na huwezi kubadilisha maneno ya mwandishi, kwa kuwa mwanafunzi wa mstari wa mbele ana kitabu mkononi na atakusahihisha kwa sauti. Ulizia pia ukumbi wa Little Theatre Club, na kituo cha vijana cha Swahilipot Hub karibu na Fort Jesus. Usiombe kuendesha shoo wala kuwa MC. Omba nafasi ndogo yenye mwenza.

Kubadilisha maneno ndiko kunakoleta ugomvi mwingi kati ya wachekeshaji na waelekezi. Onyesho moja hupigwa mara kadhaa: kwanza kwa upana, kisha upande wako, kisha upande wa mwenzako. Ikiwa kwenye picha ya upana uliinua kikombe ukisema "kesho", uinue kwenye neno hilo kila mara, la sivyo mhariri hawezi kuunganisha vipande. Tena mwenzako anasubiri neno lako la mwisho ili aanze lake. Ukilibadilisha, unamwacha ameduwaa. Ukiwa na mzaha mzuri mpelekee mwelekezi kabla ya mazoezi ya onyesho. Akiukubali, useme vilevile kila mara.

Kiswahili chako cha Pwani ni mtaji. Tamthilia kama Sultana ya Citizen TV zimeonyesha kwamba watazamaji wa nchi nzima wanakipenda. Lakini jifunze kuhama kutoka Kimvita, lahaja ya Mombasa, hadi sanifu unapoambiwa, kwa sababu jukwaani wengi wetu tunavichanganya pamoja na Sheng bila kujijua.

Kuhusu video ya usaili, simu inatosha. Ilaze kwa upana, iweke kwenye tripodi kwa urefu wa macho yako, nyuma yako ukuta mtupu usiometa, dirisha likiwa mbele yako. Ukae kwenye picha kuanzia kifuani hadi juu kidogo ya kichwa. Mtu wa kukusomea maneno ya upande wa pili asimame ubavuni mwa kamera, naye umtazame yeye. Kutazama lenzi ni kosa la kwanza la wachekeshaji, na anayechagua waigizaji hulinasa mara moja. Zima feni hata kama unatoka jasho. Kunguru wa Mombasa hawazimiki, kwa hivyo tafuta chumba kisicho upande wa mti wala wa barabara ya tuktuk. Mwanzoni taja jina, urefu na unapoishi, basi. Ukituma kwa WhatsApp, itume kama dokumenti, la sivyo picha itabanwa na kufifia. Na usitume klipu ya stendapu badala ya usaili. Iweke kando, uitoe ukiulizwa.

Nafasi ya kwanza mara nyingi itakuwa ya jirani mcheshi. Ichukue, mcheze kama mtu mwenye shida ya kweli, na baada ya vipindi vichache waandishi watakuandikia zaidi ya mzaha. Wasipofanya hivyo, tafuta kwingine kabla sura yako haijazoeleka hivyo.

Mwisho, mkataba. Soma kama unalipwa kwa siku au kwa kipindi, na pesa zinatoka lini, kwa sababu ahadi ya mdomo ya "tukishauza" inaweza kukaa mwaka mzima. Kodi ya zuio, ile inayokatwa kwenye malipo kabla hujalipwa, ikikatwa, dai cheti chake, kwani unakihitaji unapojaza ritani za mamlaka ya kodi, KRA. Tafuta kifungu kinachokuzuia kufanya kazi nyingine: kikiandikwa kwa upana kinaweza kukunyima hata shoo za hotelini Desemba, msimu ambao mchekeshaji wa Pwani anautegemea. Omba kitaje tamthilia shindani peke yake, na kiseme wazi kwamba vichekesho vyako vya jukwaani vinabaki mali yako hata ukivisema mbele ya kamera yao.