Nimekuja Mombasa kusoma, lakini naona haya kujaribu lolote

Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza katika chuo kikuu kimoja hapa Mombasa, mwenye umri wa miaka 19, ameniandikia barua ndefu ambayo nimeifupisha hivi:

"Shikamoo Bi Mkubwa. Mimi ni binti kutoka Wundanyi, na ninaishi kwa mama mdogo huko Mikindani. Kabla ya kuja nilijiapia kwamba nitajaribu kila jambo jipya ambalo mji huu unalo, kwa kuwa nyumbani nilikuwa mtoto wa shule na kanisa tu. Sasa muhula wa pili unakaribia kwisha na sijafanya lolote. Ninatamani kujifunza kuogelea na kuigiza, lakini ninaogopa kuchekwa, kwa maana kila mtu hapa anaonekana amezaliwa akijua. Rafiki zangu wa darasani wananiita mshamba kwa sababu sili pweza, sijaenda nao Mtwapa usiku, na nilikataa muguka, yale majani ya kutafuna, waliponipa. Mama mdogo naye anasema nimekuja kusoma, si kuzurura. Je, mimi ni mwoga, au wao ndio wenye makosa?"

Marahaba, mwanangu. Jambo la kwanza lililonigusa katika barua yako ni kwamba umeweka kuogelea, kuigiza, pweza, Mtwapa na muguka katika kapu moja, kana kwamba mtu akikosa kimoja amekosa vyote. Ukivitenganisha utaona kwamba kuna woga unaokuzuia kufanya jambo unalolitamani mwenyewe, na huo ndio wa kushughulikiwa. Na kuna kusita kunakokujia unaposukumwa kufanya jambo ambalo hukulitamani kamwe, na huko mimi sikuiti woga. Kabla hujajibu mwaliko wowote, jiulize kama ungelifanya jambo hilo iwapo hakuna hata mmoja wa rafiki zako ambaye angepata habari. Kuogelea ungejifunza. Muguka, kwa jinsi ulivyoandika, usingeutafuta.

Dhana kwamba kila mtu hapa amezaliwa akijua kuogelea si ya kweli. Wapo watu wazima wengi, wenyeji wa kisiwa hiki tangu enzi za mababu zao, ambao wakifika ufuoni hukunja suruali hadi magotini na kusimama papo hapo; tofauti yao na wewe ni kwamba wao hakuna anayewauliza. Kwa hiyo usione haya, lakini pia usianzie baharini. Baadhi ya shule, hoteli na vilabu vya michezo mjini vina mabwawa, na vingine hufundisha watu wa nje kwa malipo. Ukipiga simu, uliza kama mwalimu ni mwanamke, kama kuna saa zilizotengewa wanawake, na kama upande wa maji mafupi unaweza kusimama bila maji kupita kifua. Somo la kwanza halina uzuri wowote wa kutazamwa. Utashika ukingo wa bwawa, utaingiza uso majini na kutoa pumzi polepole kupitia puani, kisha utainuka ukikohoa, na utarudia hivyo mpaka mwili wako uache kupigana na maji. Linalofuata ni kuelea chali, na hapo wengi hushindwa kwa sababu huinua kichwa wakitaka kuitazama miguu yao, na kichwa kikiinuka nyonga huzama. Hao wanaojifunza pamoja nawe watakuwa wanakohoa vilevile, na sidhani watapata nafasi ya kukucheka.

Ukishaweza kuelea bila kushikwa, ndipo uende ufuo wa umma wa Jomo Kenyatta huko Bamburi, ule ambao watu huuita Pirates, tena uende na mtu anayeyajua maji. Bahari yetu hujaa na kupwa mara mbili kwa siku, saa zake zikisogea mbele kwa karibu dakika 50 kila siku, na wakati wa bamvua, yaani mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, tofauti ya maji kati ya kupwa na kujaa hupita mita tatu. Mahali ulipotembea kwa miguu saa nne asubuhi panaweza kuwa pamekupita kimo ifikapo saa kumi jioni. Waulize waendesha mashua maji yanajaa saa ngapi. Hawatakucheka, kwa kuwa wao wenyewe huulizana kila siku. Na wale vijana wanaokodisha machubu ya magari, waache mpaka uwe umejua kuogelea, kwa sababu chubu humbeba asiyejua hadi mahali ambapo miguu yake isingemfikisha.

Kuhusu uigizaji, mji huu una Little Theatre Club, na una Swahilipot karibu na Ngome ya Yesu, ambako vijana hukutana kwa shughuli za sanaa na teknolojia, mbali na chama cha maigizo ambacho huenda kipo chuoni kwako. Usingoje mpaka Kiswahili chako kiwe cha Kimvita ndipo uende. Kikundi cha maigizo hakihitaji waigizaji peke yao. Kinahitaji pia mtu wa kuketi pembeni na muswada mkononi ili awakumbushe wenzake maneno wanapoyasahau, na kazi hiyo kwa kawaida haina mgombea. Iombe. Baada ya majuma machache utakuwa unaijua sehemu ya kila mmoja, na siku ambayo mwigizaji atakwama kwenye foleni ya magari huko Nyali, watakaokutafuta ni wao, wala si wewe uliyejipendekeza kwao.

Kuna jambo ambalo hukulitaja, nami naliongeza kwa hiari yangu: jizoeze kwenda mahali peke yako mchana. Ngome ya Yesu, ambayo Wareno waliijenga kati ya 1593 na 1596 na ambayo UNESCO iliiingiza katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2011, ni mahali pazuri pa kuanzia, na mwananchi hulipa kiingilio kidogo kuliko mtalii wa kutoka nje. Simama utakavyo mbele ya vyombo vilivyoopolewa kutoka merikebu ya Kireno Santo António de Tanná, iliyozama karibu na hapo mwaka 1697 wakati Waomani walipokuwa wameizingira ngome, kisha keti juu ya ukuta utazame mashua zikipita. Binti anayeweza kukaa saa nzima peke yake bila kujiona amepungukiwa si rahisi kusukumwa na kundi.

Pweza ni chakula tu. Onja kipande kimoja kwa muuzaji anayekichoma mbele ya macho yako, na kikikushinda, rudi kwenye viazi karai na ukwaju, ambavyo sijaona mtu wa bara wala wa pwani aliyevikataa.

Mtwapa nayo si dhambi. Ni mji wa watu katika kaunti ya Kilifi, una familia, shule, misikiti na makanisa yake. Ninachokikataa ni safari ya usiku ambayo kurudi kwako kunategemea mtu mwenye gari aliyekunywa. Kutoka huko hadi Mikindani unavuka daraja la Mtwapa, kisha la Nyali, unakikata kisiwa chote, halafu unavuka tena Makupa, na mambo hayo si ya kupangwa saa tisa usiku na mtu anayesinzia kwenye usukani. Kama huwezi kurudi kwa nauli iliyo mkononi mwako, usiende. Na ikiwa fedha za kutumia usiku huo ni zile za HELB, bodi ya mikopo ya wanafunzi, kumbuka kwamba ni mkopo, nawe utakuja kukatwa mshahara kwa ajili ya usiku ambao hata hukuupenda.

Kuhusu muguka sina maneno laini. Hiyo ni aina ya miraa inayolimwa hasa Embu, na madhara yake kwa vijana ndiyo yaliyoifanya serikali ya kaunti ya Mombasa iipige marufuku mwezi Mei 2024, kabla ya suala hilo kufikishwa mahakamani. Humfukuzia mtu usingizi na njaa usiku, kisha humdai vyote viwili siku ya pili darasani. Ulikataa, na ulifanya vyema; anayekuita mshamba kwa hilo anatafuta mwenzake wa kushiriki gharama.

Nimebakiza mama mdogo, ambaye hana makosa, ingawa hana haki yote. Ukimwambia kwamba unataka kutembea kidogo na wenzako, atafikiria kila baya alilowahi kulisikia katika mji huu, kwa sababu likitokea lolote ni yeye atakayempigia dada yake simu Wundanyi. Mpe habari kamili badala ya kumwomba ruhusa ya jumla: unakwenda bwawa gani, siku gani, mwalimu ni nani na namba yake ya simu ni ipi, utapanda gari zipi, na utakuwa nyumbani saa ngapi. Kisha ufike kabla ya saa hiyo, hasa mara za mwanzo, hata kama itakubidi uondoke wenzako wakiwa bado wanafurahi. Mwonyeshe matokeo yako ya muhula pia, bila kungoja kuulizwa. Na usimpelekee maneno haya anapoingia kutoka kazini na mifuko mikononi. Ngoja mle, vyombo vioshwe, na uvioshe wewe.

Anza na bwawa peke yake. Kuigiza kungoje mitihani ipite, kwa maana anayeanza mambo mawili mapya kwa pamoja hupata kisingizio cha kuyaacha yote mawili. Ukishahudhuria masomo ya mwezi mmoja niandikie tena, na unieleze hasa jinsi mama mdogo alivyoipokea habari ya nguo ya kuogelea, kwa kuwa hapo ndipo ninapotarajia mzozo, na kuna mavazi ya kufunika mwili mzima yanayouzwa mjini ambayo huenda yakaumaliza.