Klipu ya vita ya nyuklia ikiingia kwenye grupu la ukoo, kaa na mzee wako muiangalie wote

Kuna aina ya muvi mi nazipenda tangu zamani, zile zinazotengenezwa kama taarifa ya habari. Hamna steringi, hamna mapenzi, hamna kufukuzana na magari, ni mtangazaji tu kakaa mezani na makaratasi yake anasoma kwa sauti ya kawaida kwamba meli za kivita zimepigana huko baharini, halafu anamuita mwandishi aliyeko mpakani, halafu anasoma tena kuna ndege imetunguliwa, na kadri muda unavyoenda anaanza kukosea maneno, anashika sikio kumsikiliza mtu wa studio, viongozi wanahamishwa, ving'ora vinalia, mwisho picha inakatika. Ukiiangalia usiku peke yako hulali. Na kwangu ni njia nzuri sana ya kumfanya mtu aelewe vita ya nyuklia ni nini, kwasababu wengi wetu ndivyo tungeijua, tukiwa tumekaa sebuleni tunaangalia TV.

Shida ni pale kipande cha muvi ya namna hiyo kinapokatwa, kinatolewa kichwa na mkia, kinaingia kwenye WhatsApp. Hapo sio muvi tena.

Wengi mtaikumbuka ile ya Aprili 2018. Klipu yenye nembo ya BBC, mtangazaji wa kizungu anasema NATO na Urusi wameanza kupigana na mambo yanaelekea kwenye nyuklia. Ilisambaa sana, na BBC wenyewe walipotoa tamko la kuikana walisema imezunguka zaidi Afrika na Asia, yaani kwetu sisi. Video yenyewe ilitengenezwa mwaka 2016 na kampuni moja ya kupima watu tabia, ilikuwa ni mchezo wa kuangalia watu wanachukuliaje habari ya janga kubwa. Ilikuwa igizo tangu mwanzo. Ila ilipofika Pasiansi, kwetu hapa Mwanza, ilikuwa imeshafowadiwa na watu wengi mno, hakuna hata mmoja aliyejua ilianzia wapi.

Mama mkubwa wangu aliipata kwenye grupu la ukoo asubuhi. Mchana alikuwa ameshafunga mizigo, ndoo zote zimejazwa maji, kamtuma kijana akawatoe watoto shule, anataka twende Kamanga tupande kivuko tuvuke Sengerema kijijini kabla barabara hazijafungwa. Kwenye grupu huko vijana wanatuma vikatuni vya kucheka, mmoja kaandika bibi kazidisha muvi. Na mi nikasema hapana, hapa kuna kitu hawa vijana hawakijui, kwahiyo wacha nikieleze kwanza ndo nije kwenye ushauri.

Mwanza imewahi kupigwa mabomu kutoka angani. Hii sio stori. Mwaka 1979, kwenye vita ya Kagera, Gaddafi alikuwa anamsaidia Idi Amin wa Uganda, ikaja ndege ya kivita ya Libya kulenga ghala la mafuta hapa mjini, ikakosa, mabomu yakaangukia kisiwa cha Saanane yakaua wanyama pale. Saanane hiyo hiyo ambayo leo tunaenda kupiga picha. Mama mkubwa alikuwa msichana anakaa Igogo, ng'ambo ya maji kidogo tu, na ule mshindo aliusikia. Miezi michache kabla ya hapo, Novemba 1978, alikuwa amekaa na baba yake wanamsikiliza Mwalimu Nyerere redioni akisema uwezo wa kumpiga tunao, sababu ya kumpiga tunayo na nia ya kumpiga tunayo. Kwake yeye sauti ya mtu mtulivu kwenye redio ikisema vita, vita inakuja kweli mpaka nyumbani.

Halafu ikaja Mei 21, 1996, MV Bukoba. Wanaojua Mwanza ya siku ile hawahitaji kuelezwa, redio inasema meli imepinduka na watu hawaamini, wanasema haiwezekani, mpaka miili inaletwa. Nenda makaburi ya Igoma utaona. Na 2018 hiyo hiyo mwezi wa tisa tukapata ajali ya kivuko cha MV Nyerere pale Ukara. Sasa mtu aliyepita kwenye hayo unamwambiaje kwamba habari mbaya za ghafla huwa ni za uongo? Uzoefu wake unamwambia kinyume kabisa, waliochelewa kuamini ndo walioumia.

Nchi ya Georgia, jirani ya Urusi, yaliwakuta haya haya. Machi 2010 kituo kimoja cha televisheni, Imedi, kilirusha taarifa ya habari ya kuigiza kwamba Urusi imevamia na rais ameuawa. Mwanzoni walisema ni igizo, ila wakati inaendelea hapakuwa na onyo, na picha walizotumia ni za vita ya kweli ya 2008. Watu walitoka nje, simu zikazidiwa. Sio kwamba hawakuwa na akili. Walikuwa wameona vifaru vya kweli mwaka mmoja na nusu tu nyuma yake.

Kwahiyo ushauri wangu wa kwanza, na kama utabeba kimoja tu beba hiki, usimcheke. Nimeona kwenye ukoo wetu na kwa majirani, mzee akichekwa haachi kuamini, anaacha kukwambia. Anaendelea kupokea zile klipu, anaogopa mwenyewe chumbani, anawatumia wazee wenzake wa kwaya au wa kikoba, na huko hamna wa kumrekebisha.

Nilichofanya mimi nilikaa naye pale kwenye mkeka, nikamwambia mama mkubwa shikamoo, naomba tuiangalie wote. Tukaiangalia yote. Hii muhimu, iangalie yote, hata kama inakula bando, kwasababu wewe ukiikatisha katikati ukasema hii feki, anaona unakimbia. Nikamuuliza huyu mzungu anasema nini hapa? Akaniambia mwanangu Kiingereza chake kinaenda haraka, ila si unaona sura yake? Na ndo hapo nikaelewa kitu. Watu wetu wengi hawasikii yale maneno, wanasoma sura, wanasoma ule mstari mwekundu chini, ile sauti ya king'ora. Na watengenezaji wa hizi muvi wanajua kabisa kwamba vitu hivyo ndo vinabeba imani. Ukibaki kubishana kuhusu maneno unapoteza muda, yeye hakuamini maneno.

Kwahiyo nenda naye kwenye vitu anavyoviamini. Mama mkubwa anaiamini BBC toka utoto wake, idhaa ya Kiswahili ipo tangu 1957, baba yake alikuwa haipitwi. Nikamwambia basi kama BBC wametangaza, hawawezi kumtangazia mzungu wakatuacha sisi, tufungue BBC ya Kiswahili tuwasikie. Tukafungua. Wanaongea mambo yao ya siku zote. Tukafungua Radio Free Africa, ni mziki. Tukachukua rimoti tukapita kwenye king'amuzi, TBC, Star TV, kote kimya. Nikamuuliza, mama mkubwa, ile siku ya MV Bukoba kuna redio ilikuwa inapiga mziki wa kucheza? Akanyamaza, akafikiria, akasema hapana. Basi. Sikuongeza neno, yeye mwenyewe akasema kamwambie yule kijana awaache watoto shule.

Hicho kipimo nakiamini mpaka leo kuliko vipimo vyote vya kitaalamu. Vita ya nyuklia haiwezi kuwa habari ya chombo kimoja. Ikiwa kweli, hutahitaji kufowadiwa, kila redio, kila kanisa na msikiti, kila daladala itakuwa inaongea hilo. Na kama klipu ina nembo ya chombo fulani, nenda kwa chombo chenyewe, usibaki kwenye klipu.

Pia mpe muda. Hata tangazo la serikali yenyewe linaweza kukosewa, Januari 13, 2018 watu wa Hawaii walipata ujumbe wa dharura kwenye simu zao, wa serikali kabisa, kwamba kombora linakuja na hili sio zoezi, na ilichukua dakika 38 mpaka wakatumiwa ujumbe wa kuambiwa ni makosa. Watu walikuwa wanaagana na familia zao. Kama serikali yenye mitambo yote ile inaweza kukosea nusu saa nzima, wewe na klipu isiyo na mwenyewe unaweza kusubiri kidogo kabla hujaituma kwa watu mia mbili.

Siku hizi ni mbaya zaidi kwasababu ya akili mnemba, wanaweza kumtengeneza mtangazaji wa Kiswahili safi kabisa na mdomo unaenda sawa. Na kuna zile picha za makombora usiku, nyingi zinatoka kwenye gemu linaitwa Arma 3, mpaka kampuni iliyolitengeneza, Bohemia Interactive, mwaka 2022 ilibidi itoe tamko kwamba picha za gemu lao zinasambazwa kama vita ya kweli. Ukiona usiku, mbali, inatikisika, haina sura ya mtu, hapo tulia kwanza.

Sasa kwa ndugu zangu wenye vibanda umiza, Mabatini, Igoma, Buhongwa na mwaloni Kirumba, nawaomba kwa heshima. Muvi za namna hii huwa zinakuja na maandishi mwanzoni kwamba hii ni kazi ya kubuni. Msiyarukishe. Simama mbele, sema kwa Kiswahili, jamani hii ni muvi, hakuna vita, halafu washa. Na katikati rudia, maana kuna mtu ataingia amechelewa. Mwaka 1983 NBC ya Marekani walirusha mchezo wa taarifa ya habari kuhusu bomu la nyuklia kwenye bandari ya Charleston, wakawa wanaweka maandishi kwenye kioo mara kwa mara kwamba ni igizo, na bado kuna watu walipiga simu kuuliza. Hao wanaelewa lugha na maandishi wanayaona. Sisi tukiyaruka je?

Watoto nao watakuuliza, na hapa naona wazazi wengi wanadanganya. Wanasema hayo ya wazungu, hayatuhusu. Mtoto wa darasa la sita akaniuliza, mjomba, bomu linaweza kufika Mwanza? Nikamwambia ukweli. Silaha hizo zipo, nchi tisa zinazo, nyingi ziko Marekani na Urusi, na zimeshatumika vitani, Hiroshima na Nagasaki, Agosti 1945. Nikamwambia pia Afrika tulikaa tukakubaliana kwamba bara letu lisiwe na silaha hizo, unaitwa mkataba wa Pelindaba, ulisainiwa 1996 ukaanza kufanya kazi 2009, na Afrika Kusini ilikuwa nayo mabomu ikayabomoa yenyewe. Hilo lilimfurahisha sana, hakujua. Ila sikumwambia tuko salama kabisa, kwasababu vita ya Urusi na Ukraine tu, bila nyuklia, 2022 bei ya mafuta na ngano iliguswa mpaka chapati za hapa mtaani. Mtoto ukimpa ukweli wa kiasi chake analala vizuri kuliko ukimfukuza na swali lake.

Kwenye grupu, usimuaibishe aliyetuma. Andika kitu kifupi cha heshima, mi huwa naandika hivi: "Ndugu zangu, hii video ni ya kuigiza, nimesikiliza BBC Kiswahili na redio za hapa hakuna habari hiyo, asante mjomba kwa kutukumbuka, tusiitume mbele tafadhali." Halafu wale wazee nawapigia simu mmoja mmoja, kwasababu wengine hawasomi meseji ndefu na sauti yako wanaiamini kuliko maandishi. Mama mkubwa siku hizi akipata klipu ya namna ile ananipigia kabla hajaituma popote. Ikitokea hivyo kwako, pokea, hata kama uko kwenye daladala na makelele, mwambie unamsikia na utafungua redio sasa hivi, na kweli uifungue.