Kwa nini namba za simu za wateja zote zimekuwa 2147483647?

SWALI: Nimetengeneza mfumo wa kusajili wateja wa duka kwa PHP na MySQL. Mteja akijaza namba ya simu inayoanza na 255, kwenye databesi inaingia 2147483647. Sasa karibu wote wana namba hiyo hiyo. Imetoka wapi, na zile halisi nitazipataje?

JIBU: Ndugu, mfumo wako haujaingiliwa na mtu. Safu ya simu umeiwekea aina ya INT, yaani namba kamili, yenye biti 32 (nafasi za 0 au 1). Biti moja ni ya alama ya chanya au hasi. 31 zilizobaki zote zikiwa 1, unapata 2 kwa kipeo cha 31, toa 1. Ndiyo hiyo 2147483647. Namba yenye 255 mbele ni zaidi ya bilioni 255, haienei humo. Kama sql_mode yako (mpangilio wa jinsi MySQL inavyofanya kazi) haina STRICT_TRANS_TABLES, yaani ukali wa kukataa data isiyofaa, MySQL huishusha hadi kwenye ukomo, inatoa onyo tu na kuendelea na kazi. Waliojaza 07 wamepona, ila sifuri ya mbele imeliwa.

Namba yenyewe ina historia kuliko kosa lako. Ni namba tasa, na aliyethibitisha hilo ni Leonhard Euler, mwaka 1772, bila kompyuta. Kipeuo chake cha pili hakifiki 46341, kwa hiyo angelazimika kujaribu kila namba tasa hadi hapo. Akapunguza kazi: kigawo chochote tasa cha namba hii, ukikigawa kwa 248, lazima kibakize 1 au 63. Jaribu mwenyewe. 63 si tasa, 249 nayo inagawanyika kwa 3, kwa hiyo ya kwanza kupimwa ni 311. Inabakiza 35, imeshindwa. Zilizofuata zikashindwa zote. Ukiizidisha 2147483647 na 2 kwa kipeo cha 30 unapata 2305843008139952128, namba kamilifu: jumla ya vigawo vyake, ukiiacha yenyewe, inairudisha ilivyo.

Usidhani kila ukomo wa kompyuta ni tasa. Ule wa BIGINT, aina ya namba kamili yenye biti 64, ni 9223372036854775807, nao unagawanyika kwa 7 bila baki.

Na usikimbilie hiyo BIGINT. Namba ya simu hatuijumlishi wala kuizidisha. Ni maandishi, iwekee VARCHAR(20), aina ya maandishi yasiyozidi herufi 20, uwashe na ule ukali wa sql_mode. Zilizokwisha kuingia hazirudi, kwa sababu databesi haikuzitunza kabisa. Tafuta kwenye logi za seva au kumbukumbu za SMS ulizowatumia, la sivyo waombe wajaze upya.

Ukiwa bado humo, kagua na safu za TIMESTAMP, zile za tarehe na saa. Zinahesabu sekunde tangu mwanzo wa 1970 na ukomo wake ni hiyo hiyo 2147483647, yaani 19 Januari 2038, saa 12:14:07 asubuhi kwa saa za Afrika Mashariki.